Mpira wote wetu, bao lao: kisa cha timu ya pasi kwenye Football Manager

Timu ninayoichambua hapa inacheza Hispania, ndani ya Football Manager ya mwaka 2024, mchezo wa kompyuta ambao wewe ndiye kocha wa timu, na kocha wake yuko Chake Chake, Pemba. Ni mtoto wa kaka yangu, ndiyo maana ananiita ami. Amekulia kwenye barza akitazama Barcelona na Hispania mpaka imefika kwamba kwake mpira usio na pasi fupi si mpira. Alichukua timu ya daraja la pili la kule, ligi ya timu 22 na mechi 42, ambako wawili wa juu hupanda moja kwa moja na wa tatu mpaka wa sita hugombea nafasi moja iliyobaki. Kwa bara la Afrika mchezo huu unakuja na ligi za Afrika Kusini tu. Anayetaka kuifundisha Mlandege au JKU za Zanzibar hana budi atafute mafaili yaliyotengenezwa na mashabiki, na vijana wengi wa hapa huona njia fupi ni kwenda Ulaya.

Msimu wa kwanza alifika kwenye mchujo wa kupanda, na hakuna aliyemtarajia huko. Msimu wa pili akaongeza wachezaji wazuri, akabaki na mfumo ule ule, na mzunguko wa kwanza ulipomalizika timu ilikuwa katikati ya msimamo. Nyumbani 0-0, ugenini inafungwa 0-1, huku takwimu za kila mechi zikionyesha imemiliki mpira zaidi ya theluthi mbili ya muda. Bodi ikaanza kunung'unika. Ndipo aliponiletea kompyuta yake na maneno haya: "Ami, nitazamie huyu tisa wangu. Nafasi anapata, lakini hafungi." Tisa ni mshambuliaji wa kati.

Naandika kwa kirefu kwa sababu kila mpenzi wa kampa kampa tena aliyewahi kushika mchezo huu anaweza kujikuta hapo alipokuwa kijana wangu, na ushauri anaopewa huwa wa aina mbili tu: nunua mshambuliaji mwingine, au achana na pasi. Kwa maoni yangu wote wawili ni ushauri mbaya, na kisa hiki kinaonyesha kwa nini.

Swali la kwanza nililomuuliza halikumhusu namba tisa kabisa. Nilitaka anieleze vipi mfumo uliomfikisha kwenye mchujo mwaka mmoja uliopita ulikufa bila yeye kugusa kitu. Hakuwa na jibu, na hilo si ajabu, maana jibu halikuwemo ndani ya timu yake. Lilikuwa kwa wapinzani. Ndani ya mchezo huu makocha wengine wanatazama jina la timu na nani anapewa nafasi kubwa ya kushinda, kisha wanaamua wamkabili vipi. Mwaka wa kwanza timu yake ilihesabiwa miongoni mwa dhaifu, basi wenyeji walitoka kuishambulia na kuacha nyuma yao mita nyingi tupu. Pasi fupi ziliwavuta watu kutoka kwenye nafasi zao, pasi moja ndefu kidogo ikamfikia winga, na bao likapatikana. Mwaka wa pili ikatajwa miongoni mwa timu za kupanda. Kuanzia hapo kila anayekuja anapanga mistari miwili ya watu wanne karibu na lango lake, wengine mabeki watano, na wala hautaki mpira.

Mtu anayekuja kwako hautaki mpira, na wewe unaingia uwanjani ukijisifu kwamba mpira wote ni wako, mmekubaliana.

Jambo la pili lilikuwa namna alivyokuwa akitazama mechi zake. Kompyuta yake ni ya zamani na picha za watu wanaokimbia huikwamisha, kwa hiyo alichagua kuonyeshwa matukio muhimu tu. Lawama ya namba tisa ilizaliwa hapo. Ukionyeshwa dakika nne kati ya 90, na ndani yake mtu mmoja anakosa mara tatu, lazima umchukie mtu huyo. Jibu lilikuwa kwenye zile dakika 86 nyingine.

Nikamwambia aweke mechi nzima kwa mtazamo wa juu, ule ambao wachezaji ni viduara vyenye namba. Mtazamo huo hauielemei kompyuta, na kwa kazi ya mbinu naupenda kuliko picha nzuri kwa sababu unawaona watu 22 kwa pamoja. Tulichagua sare ya 0-0 ya nyumbani dhidi ya timu iliyokuwa mkiani.

Ilikwenda hivi. Kipa anampa beki wa kati, beki wa kati anampa namba sita, kiungo wa chini, sita anampa nane, mmoja wa viungo wawili wa mbele yake, nane anamrudishia sita, sita anampa nane mwingine. Wapinzani wamejaa kwenye theluthi yao, wanasogea kushoto, wanasogea kulia, taratibu, maana pasi nazo zinakwenda taratibu. Kisha namba tisa anashuka mpaka karibu na duara la kati kuomba mpira. Hicho ndicho alichoagizwa, kwani amepewa kazi ya namba tisa wa uongo. Anaupokea vizuri, anageuka, na mbele yake hakuna jezi hata moja ya timu yake iliyovuka mstari wa mwisho wa mabeki. Mabeki wawili wa kati wa wapinzani hawana wa kumkaba. Wamesimama wanautazama mpira, na beki asiye na wa kumkaba hakosei.

Nikamwomba asimamishe picha dakika ya 23 na ahesabu. Kwenye ukanda wa katikati, upana wa lile boksi la 18, ukiacha kipa na mabeki wa kati, kulikuwa na wachezaji wake wanane. Winga wote wawili walikuwa wamekata ndani. Mabeki wote wawili wa pembeni walikuwa wameingia kati kusimama na namba sita, kwa sababu nao walipewa kazi ya kuingia ndani. Nane wawili walikuwa pale pale, na tisa ameshuka kuwafuata. Kwenye mistari ya pembeni, kushoto na kulia, hakukuwa na mtu. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kumbe tumewasaidia kutubana." Sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Tukaenda kwenye orodha ya mashuti. Mchezo unalipa kila shuti thamani ya uwezekano wa kuwa bao. Penalti hupata kati ya 0.75 na 0.8, na shuti la mita 25 lenye watu mbele mara nyingi halifiki 0.05. Timu yake ilipiga mashuti mengi mechi ile, lakini ukijumlisha thamani zake zote hupati bao moja. Mengi yalitoka nje ya 18 na kugonga miguu ya mabeki. Yale ya namba tisa, ambayo kijana aliyaita nafasi, yalikuwa vichwa vya kona akiwa amebanwa, na mashuti aliyopiga mabeki wawili wakiwa kati yake na lango. Mshambuliaji mwenye kiwango cha juu kabisa cha umaliziaji, 20 kwa hesabu ya mchezo huu inayoanzia 1, asingefanya kitu kikubwa na mipira ile.

Na mabao ya kufungwa? Yote yalikuwa na sura moja. Mpira unapotea ukingoni mwa 18 yao, unapigwa mrefu kwenye pembeni iliyoachwa wazi na beki aliyeingia kati, mstari wa ulinzi uko juu, na mtu mmoja mwenye mbio anakwenda peke yake mpaka kwa kipa. Kaunta moja kwa mechi ilitosha.

Sasa tufungue ukurasa wa maelekezo, maana ugonjwa umeandikwa pale. Timu ina ngazi saba za mtazamo, kutoka kujihami kabisa mpaka kushambulia kabisa, na kila ngazi inasogeza kimya kimya kasi ya mchezo, upana, urefu wa mstari wa ulinzi na kiasi cha hatari ambacho mchezaji anathubutu kuchukua kwenye pasi. Yeye alikuwa kwenye ngazi ya katikati. Juu ya hapo alikuwa ameweka pasi fupi kabisa, kasi ndogo, upana mdogo, nidhamu zaidi kuliko ubunifu, na lile agizo la kuufanyia kazi mpira mpaka uingie ndani ya boksi, ambalo linapunguza krosi za mapema na mashuti ya mbali. Kila agizo, ukilitazama peke yake, lina hoja. Yakikusanyika yote yanamwambia mchezaji neno lile lile mara tano: usipoteze mpira. Mchezaji wa ndani ya kompyuta ni mtiifu kuliko wa uwanja wa Tibirinzi. Ukimwambia mara tano asipoteze, hatapoteza, na atakurudishia mpira nyuma mpaka filimbi ya mwisho.

Halafu kuna kazi za wachezaji. Kila mmoja anapewa kazi yake na juu yake jukumu: kulinda, kusaidia au kushambulia. Kati ya wachezaji kumi wa ndani hakukuwa na hata mmoja mwenye jukumu la kushambulia. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyaona kwenye ukurasa ule, na ndilo jepesi kupita bila kuonekana, kwa kuwa ukurasa wenyewe ulipendeza na namba zilijaa rangi ya kijani. Jukumu la kushambulia ndilo linalomtuma mtu apite nyuma ya mabeki bila kusubiri mpira. Wakikosekana watu wa namna hiyo, pasi inakosa pa kwenda ila kwa mwenzako aliyesimama.

Juu ya hayo alikuwa na wachezeshaji watatu: namba sita wa chini na nane wote wawili. Mwenye kazi ya uchezeshaji, ndani ya mchezo huu, huvuta mpira. Wenzake wanamtafuta wampe hata pale ambapo kuna mtu aliye kwenye nafasi bora zaidi. Mmoja anaipa timu mpangilio. Watatu waliosimama karibu wanapeana wao kwa wao, na ramani ya pasi ya mechi ile ilionyesha hivyo hivyo, mistari minene mitatu katikati na nyuzi nyembamba kwenda kwingine kote.

Watu wachache huligusa jambo la mwisho kwenye ukurasa ule, kwa sababu linaonekana halihusiani na pasi. Alikuwa anakaba juu sana. Mstari wa kuanzia kukaba ulikuwa kwenye 18 ya wapinzani, na agizo la kumrukia mwenye mpira lilikuwa kwenye kiwango cha juu. Yeye aliona hiyo ni sehemu ya soka la kumiliki, kuurudisha mpira haraka, na kweli ndivyo timu kubwa zinavyofanya. Lakini ukimkaba juu mtu asiyetaka kutoka, hapati hata nafasi ya kutoka. Anabutua, unaupata, na yeye bado ana watu kumi nyuma ya mpira. Kijana alikuwa akiwasukuma wapinzani kwa nguvu zake mwenyewe waingie kwenye ngome ambayo halafu anashindwa kuivunja. Wazee wa mchezo wa bao la kete wanalijua hili: nyumba iliyojaa kete ni nguvu, lakini anayeogopa kusafiri nayo hufungwa akiwa amezikalia kete zake.

Tiba tuliipanga kwa hatua, badiliko moja kisha mechi kadhaa kabla ya jingine. Nililishikilia hilo kwa sababu vijana wengi hubadilisha vitu saba usiku mmoja, wanashinda 3-0 kesho yake, na hawajui wameshinda kwa lipi. Wakifungwa wiki ijayo hawajui pia warudishe lipi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa, bila kuongeza chochote. Agizo la kuufanyia kazi mpira mpaka ndani ya boksi likatoka. Kasi ikarudi kawaida. Agizo la nidhamu likafutwa. Pasi tukaziacha fupi, ila si fupi kabisa. Sare zikaendelea, lakini mechi zilikuwa na sura nyingine: mpira ulihama upande kwa upande kwa haraka kiasi cha kuchelewesha mstari wao wa kati, na mara mbili tatu kwa mechi beki wao wa pembeni akaonekana akikimbia kurudi. Kijana alitaka kukata tamaa hapo. Nilimwambia kwamba sasa wapinzani wameanza kuchoka na kwamba bado hatujamtuma mtu wa kuutumia uchovu wao.

Hatua ya pili ilikuwa kazi za wachezaji, na hapa ndipo kisa kilipogeuka. Namba tisa alitolewa kwenye uongo akawa mshambuliaji wa kukaa juu, mwenye jukumu la kushambulia, kazi yake kubwa ikiwa kukimbia nyuma ya mabeki. Pande mbili za uwanja tukazipa sura tofauti makusudi. Kulia, winga akaambiwa abaki pembeni kabisa, kwenye chaki, na beki wa kulia nyuma yake akaendelea kuingia kati, lakini kwa jukumu la kulinda. Nane wa kulia akapewa kazi ya mezala, kiungo anayetoka katikati kwenda kwenye upenyo ulio kati ya beki wa pembeni na beki wa kati. Beki wao wa kushoto sasa ana swali: akimfuata winga anaufungua upenyo, akibaki ndani winga anapokea mpira akiwa huru. Kushoto tukafanya kinyume. Winga anakata ndani kama mshambuliaji wa pili, kwa jukumu la kushambulia, na beki wa kushoto anapanda kwa nje kuupa upande ule upana. Nane wa kushoto akawa kiungo wa kawaida wa kubaki nyuma kidogo, amfunike beki huyo. Mchezeshaji akabaki mmoja, namba sita.

Ukihesabu waliobaki nyuma wakati wa kushambulia unapata mabeki wawili wa kati, beki wa kulia aliyeingia ndani, namba sita na nane wa kushoto. Watu watano, na watano wengine mbele yao, kila mmoja kwenye njia yake. Hesabu hiyo ya nyuma ina uzito sawa na ya mbele. Timu inayopoteza mpira ikiwa na watu watano waliopangika nyuma ya tukio inaurudisha au inaichelewesha kaunta. Ile ya mwanzo ilikuwa na watu wengi katikati, lakini walikuwa mbele ya mpira uliopotea.

Kikwazo kimoja kilijitokeza ambacho hakikuwemo kwenye mpango. Tuliendelea kumwona namba tisa akishuka katikati ingawa kazi yake imebadilishwa. Tukafungua ukurasa wake, na miongoni mwa mazoea yake binafsi limo la kushuka kuufuata mpira. Mazoea ya mchezaji hayafutiki kwa sababu kocha amebadilisha kazi. Yanaweza kupunguzwa kwa mazoezi maalumu, na huchukua muda. Kijana huyu alimnunua mtu yule kwa sababu ya kiwango chake cha pasi. Ndivyo alivyonunua timu nzima: pasi 14, pasi 15, ufundi 14, na hakutazama uchezaji bila mpira wala mbio za hatua za kwanza. Kwenye benchi lake kulikuwa na mshambuliaji mdogo aliyepanda kutoka timu ya vijana, pasi zake za kawaida, lakini uchezaji wake bila mpira ulikuwa juu kuliko wa yeyote kikosini. Tukamweka. Hakuwa na sifa ya kuzungumziwa barazani, na alianza kufunga kwa kusukumia wavuni mipira ya mita sita.

Hatua ya tatu ilimuuma kijana kuliko zote. Mstari wa kuanzia kukaba tukaushusha mpaka katikati ya uwanja na agizo la kumrukia mwenye mpira tukalirudisha kawaida. Mstari wa ulinzi tukauacha juu kidogo, ili timu isikatike vipande viwili. Maana yake, tunawaachia wapinzani waanze mpira kwao, wapige pasi zao nne tano, wajione wanacheza, beki wao wa pembeni asogee mita kumi, kiungo wao atoke. Kisha tunaupokonya katikati, na mbele yetu kuna uwanja. "Ami," akasema, "sasa si tunawapa mpira?" Ndiyo, tunawapa. Tunawapa mpira mahali ambapo hawawezi kutudhuru, ili watupe nafasi ya kukimbilia ambayo tulikuwa tunaililia.

Umiliki ukashuka kutoka zaidi ya theluthi mbili mpaka kupita nusu kidogo tu. Mashuti yakapungua pia, na thamani ya kila shuti ikapanda. Timu ikaanza kufunga mabao mawili kwa mechi badala ya kutofunga kabisa.

Hapo tukaingia kwenye ubishi wa kweli, ambao naona ndio kiini cha kisa, kwa sababu kijana hakufurahi. Alishinda na hakufurahi. Aliona ameuza imani yake, kwamba Hispania isingecheza hivi. Ubishi huo nauheshimu. Mtu anayependa namna fulani ya mpira ana haki ya kutaka kushinda kwa namna hiyo. Lakini ushahidi wake ulikuwa wa nusu, basi nikamkumbusha nusu nyingine.

Tarehe 1 Julai 2018, Moscow, kwenye Kombe la Dunia, Hispania ilipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi. Bao lake pekee Warusi walijifunga wenyewe, mechi ikaisha 1-1 na Hispania ikatolewa kwa penalti. Tarehe 1 Desemba 2022, Qatar, Japani ilikuwa na mpira chini ya moja ya tano ya muda na ikaifunga Hispania 2-1. Siku tano baadaye Moroko ikakaa nyuma dakika 120, 0-0, na kwenye penalti Hispania haikufunga hata moja. Zile zilikuwa timu za wachezaji hodari sana wa pasi, na picha ya dakika ya 23 ya timu ya kijana wangu ingeweza kuchukuliwa kutoka kwenye mechi yoyote kati ya hizo tatu.

Kisha likaja Kombe la Ulaya la 2024. Mechi ya kwanza, Berlin, tarehe 15 Juni, Kroatia ilimiliki mpira kuliko Hispania, na Hispania ikashinda 3-0. Bao la kwanza Fabián Ruiz alipenyeza pasi katikati na Álvaro Morata akakimbia nyuma ya mabeki. Timu ile ilikuwa na Lamine Yamal kulia na Nico Williams kushoto, winga wanaoanzia pembeni kabisa. Kwenye fainali dhidi ya Uingereza, 2-1, bao la kwanza Yamal alimpa Williams, na la ushindi, dakika ya 86, beki wa kushoto Marc Cucurella alipiga mpira wa chini kutoka pembeni na Mikel Oyarzabal akauwahi mbele ya lango. Beki wa kushoto anayepanda kwa nje na mshambuliaji anayekimbilia mbele ya beki. Hispania haikuacha pasi. Iliwapa wapiga pasi watu wa kuwapasia. Kijana aliirudia mara kadhaa video ya bao lile la Oyarzabal, na tangu siku hiyo sikusikia tena habari ya kuuza imani.

Wala mfumo wake wa mwanzo haukutupwa. Mchezo unaruhusu kuandaa mbinu tatu kwa pamoja, na timu inazizoea zote mazoezini. Ile ya kwanza, ya polepole, tukaiweka kwenye nafasi ya pili kwa kazi moja: dakika ya 70 kwenda mbele, ukiwa unaongoza. Hapo neno la usipoteze mpira ndilo neno sahihi. Wapinzani hawawezi tena kukaa nyuma, wanalazimika kuufuata mpira, wanachoka, na kila dakika timu yako iliyo nao ni dakika ambayo hawafungi. Badiliko dogo tu tulilifanya humo: mshambuliaji anabaki juu kwa jukumu lake la kukimbia, hashuki. Mabao kadhaa ya 2-0 yalipatikana hivyo, pasi ishirini za kupoza mechi na ya ishirini na moja nyuma ya beki aliyekwisha kupanda. Kumiliki ni ulinzi mzuri kuliko inavyosifiwa, na ni shambulizi dhaifu kuliko inavyosifiwa. Huo ni msimamo wangu, na mechi zile zimeniongezea nguvu.

Kuhusu matoleo, maana nimeulizwa. Tulifanya haya kwenye toleo la 2024, ambalo limedumu mikononi mwa watu kuliko kawaida kwa sababu la 2025 lilifutwa Februari mwaka huo kabla ya kutoka. Toleo la 2026, lililotoka Novemba 2025, limeyaondoa yale majukumu ya kulinda, kusaidia na kushambulia, na badala yake unapanga mfumo mmoja wa timu ikiwa na mpira na mwingine ikiwa haina. Anayehamia huko asitafute neno la kushambulia kwenye orodha. Atazame mfumo wake wa timu ikiwa na mpira na kuuliza nani anapita nyuma ya mabeki, na nani anashika chaki kila upande. Tena wakati wa kupanga timu isiyo na mpira, ile hatua ya tatu inakuwa rahisi zaidi kuliko ilivyokuwa kwetu.

Timu ilimaliza msimu ikiwa ya tano na kutolewa kwenye nusu fainali ya mchujo, kwa bao lililotoka upande wa kushoto. Beki wa kushoto alikuwa amepanda, nane wake alivutwa katikati kumfuata mtu, na winga wao wa kulia, mwenye mbio, akapita pale palipoachwa. Upande huo haujatulia mpaka leo. Tumejaribu kumwambia beki abaki na winga wa kushoto ashike chaki badala yake. Ulinzi ukapona, lakini mshambuliaji wetu mdogo akabaki peke yake ndani ya 18, mabao yakapungua. Sasa kijana anafanya uamuzi mechi kwa mechi. Kabla ya mchezo anafungua ukurasa wa winga wa kulia wa wapinzani, anatazama mbio zake, na zikifika 15 beki wa kushoto habanduki. Anayepanda upande ule ni nane.